Moto Ndani ya Ringi ya Greda

Mjukuu wangu anauza nchi. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe siku alipopata kazi, nami nikashika kiuno. Nchi unaiuzaje, nikamuuliza, umekuwa nani wewe? Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ofisi yao inawauzia watu wa hapa Landani safari za kwenda Afrika kutazama wanyama, na kila mfanyakazi hupewa nchi yake aisimamie: ajue mito yake, kambi zake, miezi ya mvua na miezi ya vumbi, ili mteja akiuliza asikwame. Yeye alipewa Zambia. Hajawahi kuikanyaga. Alijua tu kwamba Bibi aliwahi kukaa Zambia zamani, kama mtu anavyojua kwamba bibi yake aliwahi kuugua surua, halafu basi.

Tunakaa Peckham, nyumba ya chini, mimi na yeye na mama yake, ambaye ni binti yangu. Binti anafanya kazi ya kutunza wazee na mara nyingi hayupo, kwa hiyo haya ninayoyaandika yalitukuta mimi na mjukuu. Mjukuu Kiswahili anakisikia chote, utani wote anaupata, ila akijibu anajibu kwa Kiingereza. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili, maana mimi ndivyo ninavyomsikia. Mimi mwenyewe niliishia darasa la pili, Kiingereza changu nilikiokota kwenye maofisi niliyokuwa nikisafisha, lakini kinanitosha.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Jumamosi ofisi yao ilikuwa na mkutano ukumbini, wateja wamealikwa, na mwanamke mwenye kambi moja ya Zambia alikuwa anakuja kwa ndege kuhutubia. Mjukuu ndiye atakayefungua kwa kuonyesha picha na kuieleza nchi. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, hajapewa kazi moja kwa moja, kwa hiyo alitaka kujijaribu kwanza nyumbani. Akaunganisha kompyuta yake na televisheni yetu, akanivuta nikae kwenye kochi.

"Bibi, wewe ndiye wateja. Kaa kama wateja."

"Wateja wanakaaje?"

"Wanakula biskuti na kutikisa kichwa."

Nikachukua biskuti.

Akaanza. Zambia, akasema, ni nchi ya mtu anayetaka pori lenyewe, si pori la foleni ya magari kumzunguka simba mmoja aliyechoka. Haina bahari, ina mito. Kusini kuna maporomoko ambayo mvuke wake unaonekana kabla hujafika na ngurumo yake unaisikia kabla hujauona mvuke. Kuna mto Zambezi, ambako unapanda mtumbwi na kupita katikati ya viboko. Na mashariki kuna bonde la Luangwa. Mwezi wa sita mpaka wa kumi ndio msimu, nyasi zimelala, wanyama wanashuka mtoni. Mwezi wa tisa wanakuja ndege wekundu kama pilipili, wanatoboa kuta za mto na kutaga humo. Mwezi wa kumi joto linaua. Mvua ikianza barabara za bondeni zinakatika, na kambi nyingi zinabomolewa mpaka mwaka mwingine.

Alikuwa anasema vizuri, mtoto yule. Kila alichosema kilikuwa kweli, na ndicho kilichoanza kunishtua. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi Peckham na mvua inagonga dirisha, naye ananisomea bonde langu kutoka kwenye karatasi.

"Na kinachoifanya Zambia iwe Zambia," akasema, akainua kidole, "ni kutembea kwa miguu."

"Kutembea wapi?"

"Porini, Bibi. Wamo simba, wamo tembo, na wewe unatembea."

"Gari limeharibika?"

"Hapana. Ndiyo raha yenyewe. Watu wanatoka Landani kwa ajili hiyo."

Biskuti ikanikwama. "Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu mdogo, mume wake akiwa ni babu yake ambaye hakumuwahi, "mimi nimetembea bonde hilo kwa miguu na mimba ya miezi saba, napiga debe kwa kijiti ili tembo wasikie wanipishe. Hakuna aliyeniambia ni raha."

Akashusha karatasi. "Umetembea bonde gani?"

"Hilo hilo la Luangwa."

"Bibi! Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuza nchi."

Akaendelea, lakini sasa ananitazama kwa pembeni. Akaonyesha hema lenye bafu lisilo na paa, mtu anaoga huku anatazama matawi. Nikashangaa. Akaonyesha meza yenye kitambaa cheupe, imewekwa ndani ya mto, wageni wamekaa kwenye viti na maji yanawafika vifundoni. Nikasimama kabisa.

"Na mamba?"

"Wameandika maji ni haba pale."

"Mamba naye kasoma?"

Tulicheka sana. Nakumbuka tulikuwa tunacheka bado alipobonyeza picha iliyofuata.

Ilikuwa ni ukingo wa juu, ukuta mwekundu uliojaa matundu ya ndege, na chini yake mto umekunja kiwiko. Mikwaju miwili, na katikati yake kichuguu kirefu chenye shingo. Mbele ya kichuguu kulikuwa na viti vya turubai, wageni wamejifunika mablanketi magotini, bilauri mikononi. Katikati yao moto. Moto wenyewe ulikuwa unawaka ndani ya duara la chuma. Kando, vyungu na mabakuli yamepangwa kwenye kisiki kama duka.

"Hapa," mjukuu akasoma, "ndipo kambi inapowaleta wageni jua likizama. Palikuwa na kijiji cha kale. Vyombo vya wenyeji bado vipo, na la ajabu ni kwamba vyote vimetobolewa kitako. Hakuna ajuaye kwa nini. Mwezi ujao patachimbiwa nguzo na kujengwa sakafu ya mbao, ili wageni wengi zaidi..."

"Nyamaza kidogo," nikasema.

Akanigeukia.

"Ikuze hiyo picha. Hapo kwenye chuma. Zaidi. Zaidi tena."

Duara la chuma likajaa televisheni nzima. Ilikuwa ringi ya gurudumu, nzito, ya mtambo. Upande wa kulia ulikuwa na ufa, na juu ya ufa kulikuwa na kipande cha bati nene cha ukubwa wa kiganja, kimechomelewa. Mshono wake ulikuwa umekwenda upogo, umepanda na kushuka, kama uliofanywa na mwanafunzi.

Mume wangu hakuwa mwanafunzi. Alikuwa fundi wa magreda, tangu kwenye ujenzi wa reli, na reli ilipokwisha akapata kazi ya barabara ya kushuka bondeni. Mishono yake ilikuwa inasifiwa. Ule mmoja tu ndio ulikwenda upogo.

"Hiyo ringi ni ya babu yako," nikamwambia. "Na hapo wanapowasha moto ni kaburi la mjomba wako."

Mjukuu hakuelewa. Alitazama televisheni, akanitazama mimi, akasema, "Mjomba yupi? Mimi sina mjomba."

Ikabidi nimweleze. Kwamba kabla ya mama yake kulikuwa na mtoto wa kiume. Alizaliwa pale bondeni, kwenye nyumba ya nyasi ya kambi ya barabara, na alishikwa na homa akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Gari la kutupeleka hospitali lilikuwa ng'ambo ya mto. Wenyeji wa kijiji cha jirani, ambao hatukuwa ndugu zao hata kidogo, walitupa nafasi kwenye makaburi yao, chini ya ile mikwaju. Kule fisi hufukua makaburi madogo. Kwa hiyo mume wangu akaenda kwenye vyuma chakavu, akachukua ringi ya greda iliyopasuka, akaichomelea ufa mchana ule ule, mkono unamtetemeka, wakaibeba wanaume sita. Tukaijaza mawe meupe ya mtoni.

Na vyombo? Ni desturi ya kule. Mtu akifa, chombo alichokuwa akilia chakula au kunywea kinawekwa juu ya kaburi lake, na kitako kinatobolewa. Wengine wanasema ni ili mwizi asikitamani. Bibi mmoja wa pale aliniambia ni kwa sababu chombo nacho kimekufa, hakiwezi kumhudumia mtu mwingine. Kila mtu wa bonde lile anajua. Mtoto wa miaka mitano akiona chungu kimetobolewa kitako chini ya mti, anapita mbali.

"Bibi," mjukuu akasema taratibu, "ringi za magreda ziko nyingi."

"Na mshono ule?"

Akakaa chini kwenye zulia. Baadaye akauliza, "Mama anajua?"

"Anajua alikuwepo wa kwanza. Alipo hajui."

Sijui niseme nini kuhusu jinsi nilivyojisikia. Miaka yote hiyo nilimfikiria pale. Nilifikiri nyasi zimemfunika, nilifikiri mto umehama umemchukua, maana mto ule huhama. Nilifikiri tembo wanapita juu yake, nikaona si neno, tembo ni watu wa pale. Fisi tulimfikiria, tukamzuia. Wanywaji wa jioni hatukuwafikiria. Haikuwahi kunijia akilini kwamba kile chuma tulichokiweka kimlinde, mtu atakiona na kusema, lo, mahali pazuri pa kuwasha moto.

Mjukuu akaanza kuandika barua pepe hapo hapo. Yule mwenye kambi hakujibu, alikuwa angani. Akampigia bosi wake. Nilimsikia anaeleza, halafu anasikiliza, halafu anasema sawa, sawa, sawa. Alipokata simu alikuwa mwekundu wa macho. Bosi alisema picha ni ya kambi, si yao, haiwezi kuondolewa bila ruhusa, na kwamba ataongea na yule mwanamke faraghani mkutano ukiisha.

"Ukiisha," nikasema. "Na huko wanawasha leo. Na kesho."

"Ni siku mbili, Bibi. Nakuomba. Nikivuruga mkutano huu, kazi sina."

"Mimi nitakuja Jumamosi."

"Bibi..."

"Nitakaa nyuma. Nitanyamaza."

"Wewe hata kanisani hunyamazi."

Lakini alinijua. Jumamosi tukapanda basi pamoja, yeye na kompyuta yake kifuani, mimi na kitenge changu juu ya koti. Kazini hakufukuzwa, hilo nalisema mapema ili asomaye asiwe na hofu hiyo. Lakini wakati ule hatukujua, na njia nzima alikuwa anatafuna kamba ya koti lake.

Ukumbi ulikuwa na watu kama sitini, wengi wazee wenzangu, viatu vizuri, sura za watu waliostaafu wakiwa na afya. Kulikuwa na sambusa. Nilikaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, na bwana mmoja mpole mwenye fimbo akanisogezea sahani.

Mwenye kambi akaingia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na hilo nalo likanishtua, maana nilishindwa. Mwanamke wa makamo, uso umeiva kwa jua, amevaa ndala za ngozi katika mvua ya Landani. Akasimama mbele, akafungua mikono, akasema, "Muli bwanji!" Ni Kinyanja, maana yake hamjambo. Ukumbi ukatabasamu bila kujibu. Mimi mdomo ukajibu wenyewe kutoka nyuma, "Ndili bwino!" Yaani sijambo. Kwa sauti.

Akapanua macho. "Nani huyo? Nani kanijibu?" Watu wakageuka. Nikainua mkono kidogo. Akacheka, akashika moyo, akasema baada ya mkutano lazima tuongee, mama. Mjukuu wangu kule kwenye kompyuta alikuwa ameganda.

Mjukuu akaieleza nchi, akaieleza vizuri kuliko Alhamisi. Kisha mwenye kambi akachukua nafasi. Alizaliwa kule, baba yake alikuwa mkulima, na alilipenda bonde lile, hilo huwezi kuliigiza. Alisema jinsi udongo unavyonuka tone la kwanza la mvua likianguka. Alisema jinsi viboko wanavyogombana kama ndugu wenye nyumba moja. Nilijikuta natikisa kichwa kama wateja.

Halafu ikaja ile picha. Mikwaju miwili, kichuguu, moto.

"Hapa ndipo roho yangu ilipo," akasema. "Miaka tisa nimekunywa chai hapa. Waliokaa hapa hawakuacha jina wala habari. Wametuachia fumbo." Akaingiza mkono kwenye mkoba wake. "Nimewaletea mlishike wenyewe. Litazameni, mlipitishe."

Akampa mtu wa safu ya mbele kitu kidogo. Kikaanza kuja. Nilikuwa nakiona kinapita mkono kwa mkono, na kila aliyekipata alifanya jambo moja: alikiweka jichoni, akachungulia taa kupitia tundu, akacheka, akampa wa pili. Mama mmoja alimchungulia mumewe. Safu ya tatu, ya nne. Yule bwana wa fimbo akakichungulia pia, akasema ni kitu cha kupendeza sana, akaniwekea kiganjani.

Kilikuwa kikombe cha bati. Kimeliwa na kutu, lakini chini ya mkono wa kikombe palikuwa pamebaki rangi ya buluu, ya ukubwa wa kucha. Nikakigeuza. Katikati ya kitako palikuwa na tundu, na kando ya tundu vibonyeo viwili.

Vile vibonyeo ni vyangu. Wanawake wa kijiji waliniambia mama mwenyewe ndiye atoboe. Walinipa msumari na jiwe. Pigo la kwanza lilikosa. La pili likakosa. La tatu likapita.

Sikukumbuka ahadi yoyote. Nilisimama, na kiti kikaanguka nyuma yangu. Nikasema kwa Kinyanja, maana Kiingereza chote kilikuwa kimenitoka, nikasema, "Mama, pale ni manda." Manda ni makaburi. "Pale ni manda, na kikombe hiki ni cha mtoto wangu. Nilikitoboa mimi."

Ukumbi haukuelewa neno hata moja. Yeye alielewa. Nilimwona akielewa. Mkono wake ulikuwa umeelekea kwenye picha, ukabaki pale pale hewani.

"Manda?" akasema.

"Manda. Na hapo mnapowasha moto ndipo alipolala."

Akageuka akaitazama picha yake mwenyewe kama mtu aliyeletewa picha ya ajali. "Mimi nimekulia kule," akasema, bado kwa Kinyanja. "Nimekulia kule. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Ulimuuliza nani?"

Akashusha mkono.

Ndipo nikasikia sauti ya mjukuu wangu, inawaambia watu wale kwa Kiingereza safi: huyu ni bibi yangu, aliishi pale, anasema mahali hapa ni makaburi ya kijiji, na chini ya moto amezikwa mwanawe. Aliyasema huku bosi wake amesimama mita mbili kutoka kwake. Bwana wa fimbo akaweka sambusa yake chini. Yule mama aliyemchungulia mumewe alifunika uso kwa mikono miwili.

Mwenye kambi akauliza, "Wapo wangapi?"

Nikamwambia kumi na wanne, kwa wakati ule tulipoondoka. Nikawataja. Nilianza kwenye kichuguu nikashuka kwenda mtoni, mmoja mmoja, jina lake na la baba yake. Mkunga aliyenizalisha, mwenye chungu chenye mdomo mpana. Mvuvi aliyechukuliwa na mamba wakazika kofia yake. Mapacha wawili kwenye kaburi moja, mabakuli mawili. Mzee mpiga ngoma ambaye wanawe waligombania bakuli lake hata kabla halijatobolewa. Mjukuu alikuwa akinifuata kwa Kiingereza, nyuma kwa neno moja, akiyatamka majina vile nilivyoyatamka.

Nilipomaliza, mwenye kambi alikuwa anatazama saa yake ya mkononi, nami nikakasirika, nikadhani ana haraka.

"Saa kumi na moja kule," akasema. "Saa kumi na moja kamili. Mungu wangu. Sasa hivi wanawasha."

Akatoa simu. Mikono yake ilikuwa inakosea vitufe. Akaweka sauti ya nje, na katika ukumbi ule wa Landani ikasikika simu ikiita Zambia, mara tatu, mara nne, kisha sauti ya mwanamume mtu mzima, na nyuma yake njiwa.

"Madamu."

"Uko wapi?"

"Niko juu, kwenye mikwaju."

"Umewasha?"

"Ndiyo nimewasha sasa hivi. Umeshika vizuri."

"Uzime."

"Wageni wako njiani, madamu. Gari nalisikia."

"Zima moto. Sikiliza. Wewe ulijua pale ni makaburi?"

Njiwa wale wakalia wee.

"Tulijua," akasema.

"Miaka tisa!"

"Nilimwambia msimamizi wa kwanza. Akasema, wewe kazi yako kuni. Ulipokuja wewe, ulikuwa umeshapapenda. Nani atakwambia?"

"Lakini ninyi mnakuwa pale kila jioni, mnahudumia, mnakaa..."

"Hatukai, madamu. Sisi tunasimama nyuma ya kichuguu mpaka muite. Hukuona?"

Yule mwanamke akaketi kwenye ukingo wa jukwaa. Akasema hakuna shimo litakalochimbwa pale, si mwezi ujao, si siku yoyote. Alikuwa anamwambia yule mtu wa simu, anaiambia hadhira, sijui. Kisha akaniita kwa mkono, nikapita katikati ya viti, watu wananipisha, akanipa simu.

Nikamsalimu yule mtu. Akauliza ni nani.

"Mimi ni mama wa aliye ndani ya chuma."

Halafu nikasikia makofi: pa, pa, pa, ya viganja vilivyokunjwa, taratibu, vile wanavyosalimu kule, mtu akiwa amepiga goti. Sikuwa nimeyasikia tangu tuondoke. Alikuwa ameweka simu chini ili apige makofi, na mimi nipo Landani, na watu sitini wananitazama.

Akarudi. "Mama, nizime kwa maji au kwa mchanga?"

Nikafikiri. Mawe ya moto ukiyamwagia maji yanapasuka. Lakini mchanga unakuwa kama tunamzika tena. "Toa kuni kwanza," nikamwambia. "Moja moja. Kwa mkono, si kwa koleo. Halafu maji, kidogo kidogo."

"Subiri."

Nikasubiri. Nilisikia anahesabu kwa pumzi, ukuni mmoja, ukuni mwingine, unaanguka kwenye udongo. Mara moja alisema aa, ameungua. Nikataka kumwambia aache, nikashindwa. Halafu ikasikika shaaa, ndefu, ikanyamaza, na shaaa nyingine ndogo. Mjukuu alikuwa amenishika kiwiko kwa nguvu mpaka panauma.

"Mawe yapo," yule mtu akasema. "Meusi, lakini yapo. Hayajasogea."

Kisha nikasikia gari. Linapanda, linazimwa. Sauti za watu wenye furaha, Kiingereza, mtu anauliza mbona hakuna moto leo.

"Mama, wamefika," akanong'ona. "Wanauliza. Niwaambie nini?"

Mwenye kambi akanyoosha mkono apewe simu, ajibu yeye. Sikumpa.

"Waambie kuna watu wamelala hapo," nikasema. "Waambie warudi kambini."

Nikamsikia akiwaambia, kwa Kiingereza chake cha porini, bila kupunguza. Sauti za furaha zikakoma zote kwa mara moja. Mtu mmoja akasema samahani, sijui alikuwa anamwambia nani. Milango ya gari ikafungwa polepole, kama watu wanaotoka kwenye chumba cha mgonjwa, na gari likawashwa na kuanza kushuka.

Nikamrudishia mwenye kambi simu yake. Kikombe nacho nikamtia mkononi, maana si cha kukaa Peckham, nikamwambia akakirudishe kwenye mawe yale, na akipanda ndege asikitie kwenye mkoba, akishike.